Moi, un noir: Kuli Aliyepewa Maikrofoni

Nimemaliza kuitazama usiku huu na usingizi umeniruka! Moi, un noir, yaani Mimi, Mweusi, ni filamu ya Mfaransa Jean Rouch ya mwaka 1958, lakini kwangu ni mpya kama imetoka jikoni leo.

Tuko Treichville, Abidjan, Ufaransa ingali inatawala. Vijana waliotoka Niger kutafuta riziki wanagombania vibarua vya kutwa. Si waigizaji, wala hawakupewa maneno ya kukariri. Kila mmoja amejipachika jina la sinema: Eddie Constantine, Tarzan, Dorothy Lamour. Oumarou Ganda, aliyepigana vita vya Indochina, anajiita Edward G. Robinson. Siku za kazi anabeba magunia bandarini. Katika ndoto zake ni bingwa wa ngumi, na Rouch anatupeleka hadi ulingoni tukaione ndoto yenyewe!

Sasa sikia uhondo. Kamera ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa, ikikata kila baada ya sekunde 25 hivi, na haikunasa sauti hata chembe. Picha zilipokwisha kupigwa, Rouch akawaonyesha wenyewe na kuwaachia maikrofoni. Wakasema! Ganda anajisifu, analalama, anajijibu, anatunga papo hapo mazungumzo ya barabarani. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua msimulizi anayetutafsiria maisha ya Wamarekani. Huyu anatafsiri maisha yake mwenyewe. Jasho ni la kweli, maneno ni ya kutunga, na katika maneno hayo ndimo nilimomjua.

Na ile tamati! Ganda yuko kando ya maji na rafiki yake, anasimulia vita. Ghafla anajitupa chini, anatambaa, anarusha bomu lisilokuwepo. Anaigiza? Anakumbuka? Sikuweza kutenganisha.

Filamu ilipata tuzo ya Louis Delluc mwaka huohuo. Lakini tunda lake kubwa ni Ganda: alishika kamera mwenyewe, akairudia Indochina katika Cabascabo, kisha filamu yake Le Wazzou polygame ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 1972.

Itafute, ndugu msomaji. Na ukiipata, ongeza sauti.