Sindano ya Mrija: Uhakiki wa Maelezo ya Ammar bin Ali juu ya Ala za Kupasulia Jicho

Vitabu vya utabibu vilivyoandikwa zamani kwa Kiarabu ni vingi, lakini ni vichache vinavyomwambia msomaji kwa nini ala fulani iliundwa kwa umbo lile na si kwa umbo jingine. Aghalabu jina la ala hutajwa, umbo lake huelezwa, kisha mwandishi hupita. Miongoni mwa hivyo vichache kimo kitabu cha Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu wa macho kutoka Mosul aliyefanya kazi yake Misri katika enzi ya al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala tangu mwaka 996 mpaka 1021. Jina la kitabu laanza kwa neno al-Muntakhab, yaani mambo yaliyochaguliwa, na laendelea kutaja elimu ya jicho na kulitibu kwa dawa na kwa chuma.

Neno hilo la mwisho lataka kuangaliwa. Upasuaji haukutajwa hapa kwa kitendo chake, bali kwa madini yake. Kutibu kwa chuma ni kazi ya watu wawili, tabibu na mhunzi, na neno alilolitumia tabibu kumwelezea mhunzi haja yake ndilo lililoamua kitakachotoka kiwandani. Kwa hiyo kitabu cha namna hii si mali ya matabibu peke yao. Mwanafunzi wa lugha naye ana haki ya kukihukumu, kwa kuwa ndani yake yaonekana wazi jinsi neno linavyoweza kuunda ala, na jinsi neno lenye kosa linavyoweza kuipa ala mpaka wake.

Ugonjwa unaohusika ni ule ambao kwa Kiswahili huitwa mtoto wa jicho. Waarabu waliuita maji yaliyoshuka katika jicho. Walidhani ya kuwa ute fulani huteremka na kuganda nyuma ya mboni, mbele ya lenzi, ukaziba njia ya nuru. Tiba yao kwa chuma ilikuwa kuingiza sindano ngumu katika weupe wa jicho, pembeni, na kuyasukuma hayo yaliyoitwa maji mpaka yakae chini ya mboni. Hakuna kilichotolewa nje. Kizuizi kiliteremshwa tu. Kwa sababu hiyo mgonjwa alilazimika kulala chali kwa siku kadhaa bila ya kutikisika, kwani kilichoteremshwa kiliweza kupanda tena.

Ammar ndipo alipobuni sindano iliyo wazi ndani, tangu ncha mpaka mwisho, ili baada ya kutoboa iweze kufyonza. Habari aliyoisimulia juu ya ala hiyo ndiyo inayokipa kitabu chake thamani. Asema kwamba alikwisha kuiunda sindano, lakini hakumtia mtu yeyote mpaka alipofika Tabariya. Huko alijiwa na mtu mmoja aliyekuwa tayari kufanyiwa lolote ila jambo moja: hakuweza kulala chali. Ammar akamfyonza ule ugonjwa, na mtu akaona pale pale. Akafungwa kitambaa siku saba, akalala alivyopenda.

Msomaji asiipite habari hii haraka. Ala mpya haikutumiwa kwa tamaa ya kujaribu tu. Ilingojea mtu ambaye tiba ya zamani haikumfaa hata kidogo. Udhaifu wa ile tiba haukuwa katika mkono wa tabibu. Ulikuwa katika siku zile za kulala chali, ambazo si kila mwili unaweza kuzistahimili. Ammar aliuona udhaifu huo, na sindano yake ikawa jibu la udhaifu huo hasa. Hii ndiyo maana ya kubuni ala: kutambua ni sehemu gani ya kazi inayomshinda mgonjwa au tabibu, kisha kuiondoa sehemu hiyo bila ya kuharibu zilizosalia. Waandishi wengi wa ufundi husifu ala zao kwa uzuri wa umbo. Ammar ameisifu yake kwa kumtaja mtu aliyeihitaji.

Ubora huu huonekana zaidi akilinganishwa na al-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi katika zama zile zile. Sehemu ya thelathini ya kitabu cha al-Zahrawi, al-Tasrif, ina picha za ala zipatazo 200, jambo lisilo na mfano katika vitabu vya kabla yake. Mhunzi akipewa picha hizo aweza kuanza kazi, wala hahitaji kukisia kama ncha imepinda au imenyooka. Katika hilo al-Zahrawi amemshinda Ammar. Lakini picha haisemi ala ilizaliwa kwa shida gani. Picha humfunza mtu kuiga, na sababu humfunza kurekebisha. Mwanafunzi aliyesoma habari ya mtu wa Tabariya, akikutana na mgonjwa asiyefanana na yule, atajua aulize nini.

Hata hivyo maelezo ya Ammar yana dosari mbili zisizoweza kufichwa. Ya kwanza ni dai lake kwamba hakuna aliyemtangulia katika sindano hii. Al-Razi, aliyekufa karibu miaka mia moja kabla yake, ana habari katika kitabu chake al-Hawi juu ya kuufyonza ugonjwa huu kwa bomba la kioo. Al-Zahrawi naye aandika kwamba alipata kusikia kutoka kwa mtu wa Iraki kuwa huko watu hutengeneza sindano ya kufyonzea, ila yeye mwenyewe hakuiona katika nchi yake. Yumkini sifa ya Ammar ndiyo iliyofika Andalusia. Yumkini pia ilikuwa desturi iliyomtangulia Ammar katika nchi aliyotoka. Mhakiki mwadilifu hana budi kuliacha dai hilo likining'inia. Linaloweza kusemwa bila ya shaka ni dogo kuliko alivyodai Ammar, nalo latosha: kwamba yeye ndiye aliyeiandika ala hii pamoja na sababu yake.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Ammar asema kwamba aliitumia sindano hiyo mara nyingi katika Misri. Lakini neno nyingi si hesabu. Katika wagonjwa hao, wangapi walikuwa vijana na wangapi wazee? Swali hili si la kumsumbua marehemu. Mtoto wa jicho wa kijana aghalabu ni laini, na huweza kupita katika mrija mwembamba. Wa mzee huwa na kiini kigumu, na kitu kigumu hakifyonzeki. Kadhalika sindano iliyo wazi haina budi kuwa nene kuliko ile ngumu, kwa kuwa ni lazima iwe na kuta na nafasi katikati. Na ikiwa nene, jeraha nalo huwa kubwa. Tena mfyonzo hauchagui: waweza kuvuta ugonjwa, na waweza kuvuta ule ute mzito ulio nyuma ya lenzi, ambao jicho likiupoteza laweza kuharibika. Ala hii haikuweza kuiondoa sindano ngumu katika mikono ya matabibu, na hoja hizi zatosha kueleza sababu.

Basi, je, mtu mwenye akili kama hiyo hakuuonaje mpaka wa ala yake? Jibu limo katika jina la ugonjwa. Aliyeambiwa kwamba ndani ya jicho mna maji, hufikiri habari ya kuyafyonza, kwani ndivyo maji yanavyotendewa. Neno maji lilimfungulia Ammar njia ya kubuni. Bila ya neno hilo huenda asingalifikiri mrija kabisa. Lakini neno hilo hilo lilimzuia asiulize kama kilichomo ni maji kweli. Ilibidi kungojea mpaka mwaka 1705, Mfaransa Pierre Brisseau alipolipasua jicho la maiti na kuonyesha kwamba ugonjwa ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu wake. Baada ya hapo ala zikageuka. Jacques Daviel, ambaye taarifa yake ilichapishwa mwaka 1753, hakutafuta tena cha kufyonzea. Alichukua kisu, mkasi uliopinda na kijiko kidogo, akaifungua konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, akaitoa lenzi nje. Mkono wa binadamu haukubadilika kati ya Ammar na Daviel. Lililobadilika ni jina la kitu kilichomo ndani, na ala zikalifuata jina.

Hapa Kiswahili chapata nafasi ya kujipima. Mtoto wa jicho ni jina lisilosema kwamba ugonjwa ni maji, wala kwamba ni jiwe, wala kwamba ni utando. Ni mtoto kama alivyo mtoto wa meza: kitu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa na kukitegemea. Upungufu wake ni kwamba halifunzi kitu. Heri yake ni kwamba halidanganyi. Lakini lugha inapofika kwenye ala zenyewe, uangalifu huo hupotea upesi. Mfasiri atakayeiita ala ya Ammar sindano tu, atakuwa amemnyang'anya msomaji habari yote. Msemaji wa Kiswahili wa leo akisikia sindano ya hospitali hufikiri ile ya kuchomwa dawa, ambayo tayari iko wazi ndani. Kwake hakuna uvumbuzi uliotajwa. Mfasiri akitaka kufafanua, akaandika sindano yenye tundu, amezidi kupotea, kwa kuwa tundu la sindano kila fundi wa nguo analijua: ni pale panapopita uzi. Msomaji ataona sindano ya kushonea jeraha, naye hana kosa.

Waweza kufuatwa mwendo wa lugha wa kuunda jina la ala kutokana na kitendo. Kiarabu kina kigezo chake kinachoanzia na mim, na Kiswahili kimepokea matunda ya kigezo hicho bila ya kukipokea chenyewe. Neno mkasi na neno msumari yalikuja na mim ya ala, lakini Waswahili wakaifanya kuwa kiambishi cha ngeli, wakasema mikasi na misumari. Kigezo cha Kiswahili ni kingine: kufunika huzaa kifuniko, kuziba huzaa kizibo. Kwa mwendo huo sindano ngumu ya zamani yaweza kuitwa kishushio, na ile ya Ammar kifyonzeo. Majina haya ni safi kwa sarufi, na yaonyesha tofauti ya kazi mbili. Lakini kifyonzeo lina upungufu, maana halisemi kwamba ala hiyo kwanza hutoboa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa neno hilo peke yake aweza kudhani kwamba jicho hufunguliwa kwa ala nyingine. Sindano ya mrija ni jina bora zaidi. Sindano lasema hutoboa, na mrija, ambao kila aliyekunywa kwa kuvuta anaujua, wasema hufyonza; tena neno mrija huonyesha wembamba na uwazi kwa pamoja. Mhunzi asiyejua utabibu akisikia jina hilo, atakuwa amefika nusu ya njia.

Jambo hili halikuisha pamoja na matabibu wa kale. Mwaka 1967 Charles Kelman, daktari wa macho wa New York, alitangaza njia ya kuitoa lenzi kwa tundu la kiasi cha milimita 3, ilhali kuitoa nzima kulihitaji kufungua karibu nusu ya ukingo wa konea. Wazo alilipata kwa daktari wa meno, aliposafishwa meno yake kwa ncha iliyotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika. Ala yake ni mrija wa chuma ambao ncha yake hutikisika maelfu ya mara katika sekunde moja, ukavunja kiini kigumu kwanza, kisha ukakifyonza. Msomaji wa Ammar hatastaajabu. Ni sindano ya mrija ile ile, iliyoongezewa lile moja ililolikosa. Kelman alijua kwamba mbele yake pana kitu kigumu, na kwa hiyo alijua ni lazima kivunjwe kabla ya kufyonzwa. Ammar aliyaona maji, akafyonza.

Kwa hiyo hukumu juu ya kitabu cha Ammar haiwezi kuwa ya sifa tupu wala ya lawama tupu. Umbo alilolibuni lilikuwa sahihi, na limethibitika hivyo baada ya karne zaidi ya tisa. Nadharia yake ilikuwa ya watu wa zama zake, nayo ilikuwa na kosa. Kosa hilo lilijificha katika neno la kila siku ambalo hakuna aliyefikiri kuliuliza. Wanaounda istilahi za utabibu kwa Kiswahili watafaidika kukisoma kwa jicho hilo. Neno watakalomkabidhi mwanafunzi leo ndilo atakaloingia nalo katika chumba cha upasuaji, na mgonjwa aliyelala pale hatapata nafasi ya kulisahihisha.