Klabu Ndogo Ndani ya Mchezo Mkubwa: Uhakiki wa Football Manager 2024

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, ushairi na ngano. Katika makala hii ninahakiki mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ni Football Manager 2024, uliotengenezwa na kampuni ya Sports Interactive na kutolewa na Sega mwishoni mwa mwaka 2023. Mchezaji hapigi mpira. Yeye ni meneja: anasajili, anapanga kikosi, anaamua mbinu, anazungumza na waandishi wa habari, na anasubiri bodi imwongezee mkataba au imfukuze.

Walimu wetu wanaweza kuuliza: je, hii ni fasihi? Mwaka 1997 mtaalamu Espen Aarseth alitoa kitabu Cybertext, akieleza kwamba ziko matini ambazo msomaji hawezi kuzipita bila kufanya kazi ndani yake, yaani bila kuchagua na kuamua. Kwa mtazamo huo, ninaona mchezo huu una haki ya kuhakikiwa kama kazi nyingine ya kisimulizi: una wahusika, una mandhari, una msuko, na una maudhui. Hoja yangu ni hii: Football Manager huwa kazi nzuri zaidi ya kisimulizi pale unapoichezea klabu ya daraja la chini, kwa kuwa uhaba huupa kila uamuzi uzito. Lakini ni hapo hapo pia ambapo kasoro yake kubwa hujitokeza, kwa maana kanuni zake zinaijua klabu ndogo kama mahali pa kuondoka tu.

Mchezo unaosomwa

Mizizi ya mchezo huu ni Championship Manager, uliobuniwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, na kutoka mwaka 1992. Kwa zaidi ya miaka kumi mechi zake zilionekana kwa maneno tu: sentensi moja, kisha nyingine, na moyo wa mchezaji ukidunda katikati yake. Picha ya uwanja ukitazamwa kutoka juu ilikuja mwaka 2003, na picha za pande tatu zilikuja na toleo la Football Manager 2009. Hata leo, saa nyingi za mchezo huu ni saa za kusoma. Kuna barua za bodi, ripoti za skauti, taarifa za daktari, malalamiko ya mchezaji aliyewekwa benchi. Ndiyo maana msomaji wa riwaya akikaa mbele yake hapotei.

Niliucheza nikiwa na Darlington, klabu ya mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Iko National League North, ambayo ni daraja la sita, na hilo ndilo daraja la chini kabisa la Uingereza ambalo mchezo unaruhusu bila kuongezewa faili za nje. Nilijiandikisha kama meneja asiye na cheti chochote, ambaye mpira alioucheza ni ule wa Jumapili wa kujifurahisha. Mchezo unakuuliza mambo hayo mwanzoni, na majibu yako huamua wachezaji watakuheshimu kiasi gani.

Msimulizi asiyejua yote

Katika mchezo huu sifa za mchezaji hupimwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 20: kasi, pasi, ujasiri, utulivu na kadhalika. Chini ya hizo kuna namba mbili zilizofichwa, zinazofika hadi 200: uwezo wa mchezaji alionao sasa, na kikomo cha uwezo atakaoweza kuufikia. Kwa lugha ya uhakiki tungesema kwamba nyuma ya pazia yupo msimulizi maizi, anayejua kila kitu hata kabla hakijatokea.

Ukichezea klabu tajiri, msimulizi huyo anakuambia karibu yote. Skauti wako wamejaa duniani na ripoti zao zimekamilika. Hapo kazi ya meneja hufanana na ya mtu mwenye fedha sokoni: anaona bei, analipa, anaondoka na kapu.

Daraja la sita halina raha hiyo. Skauti ni mmoja, na huenda hana muda. Mchezaji usiyemfahamu huja na sifa ambazo nyingine hazionekani kabisa na nyingine zimeandikwa kwa kukisia, kwa mfano kati ya 6 na 11. Beki wa 6 atakushusha daraja, beki wa 11 atakubeba, na wewe una siku chache za kumjaribu kabla hujampa mshahara. Wachezaji wako wengi si wa ajira kamili, kwa hiyo siku zao za mazoezi ni chache. Wengine hawana mkataba wa maana, na klabu nyingine inaweza kumchukua mfungaji wako bila kukulipa hata senti. Na majeruhi wakizidi, mchezo unakujazia benchi kwa vijana ambao majina yao yameandikwa kwa rangi ya kijivu. Ukibonyeza jina, halifunguki. Kijana huyo hana umri, hana mji, hana historia.

Nawaona vijana hao wa kijivu kuwa wahusika wanaogusa moyo kuliko wote katika mchezo. Mmoja aliingia dakika ya themanini katika mechi yangu, akacheza dakika kumi, kisha sikumwona tena. Riwaya ingeweza kumwandikia sura nzima. Mchezo haukumwandikia kitu, na pengo hilo lilinifanya nimbunie mambo mwenyewe: anafanya kazi wapi siku za wiki, nani alimpeleka uwanjani. Hapa ndipo uzuri wa daraja la chini ulipo. Kwa kuwa matini inanyamaza, mchezaji analazimika kusimulia.

Wachezaji wengi wanaopenda madaraja ya chini wanalijua jambo hili, ndiyo sababu hujiwekea miiko. Hawatafuti wachezaji katika hifadhidata nzima ya dunia. Humchukua tu yule ambaye skauti wao amemwona, au aliyekuja kuomba majaribio. Hakuna kanuni ya mchezo inayowataka wafanye hivyo. Wanajinyima ujuzi kwa hiari ili hadithi ibaki hadithi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba wanachokitafuta ni masimulizi zaidi ya ushindi.

Darlington ya kompyuta na Darlington ya mjini

Mwaka 2007 mtaalamu Ian Bogost, katika kitabu chake Persuasive Games, alionyesha kwamba mchezo hushawishi kwa kanuni zake. Unapolipa tendo fulani na kuliacha jingine bila malipo, tayari umesema nini ni chema. Basi tuulize: kanuni za Football Manager zinasema nini kuhusu klabu ndogo?

Katika mchezo wangu, msimu wa pili tulifika mechi za mchujo, wa tatu tukapanda. Msimu wa sita tulikuwa League Two, daraja la nne. Kila ngazi ilileta bajeti kubwa, skauti zaidi, na sifa yangu ikakua. Haba na haba, kibaba kikajaa. Sikuwahi kusumbuliwa na habari za uwanja. Bodi ilileta barua, nikaisoma, tukaendelea.

Darlington halisi imepita njia nyingine. Klabu ilianzishwa mwaka 1883. Mwaka 2003 ilihamia uwanja mpya wa watu 25,000, uliojengwa chini ya mwenyekiti wake George Reynolds, ilhali mashabiki waliokuja kwa kawaida walikuwa maelfu machache tu. Kabla mwaka huo haujaisha klabu ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Iliangukia huko tena mwaka 2009, na mara ya tatu mwaka 2012. Mashabiki walichanga fedha ili isife, lakini ililazimika kuanza upya kwa jina la Darlington 1883, daraja la tisa, ikicheza kwenye uwanja wa jirani huko Bishop Auckland. Ikapanda mara tatu katika misimu minne. Mwishoni mwa 2016 ikarudi kucheza mjini kwake, Blackwell Meadows, kwenye uwanja wa klabu ya raga.

Msimu huo wa 2016/17 ilimaliza nafasi ya tano, nafasi ya kucheza mchujo wa kupanda. Haikuruhusiwa kucheza. Viti vya uwanja havikufika idadi inayotakiwa.

Wachezaji walikuwa wamefanya kila kitu ambacho mchezo wa kompyuta ungewalipa. Kilichowazuia kilikuwa viti. Na baada ya hapo klabu haikufa. Inamilikiwa na mashabiki wake, ambao wamekuwa wakichangishana kuongezea bajeti ya kikosi, na hadi msimu wa 2024/25 ilikuwa bado National League North. Kwa kipimo cha mchezo, miaka hiyo ni ya kusimama palepale. Kwa kipimo cha mji uliowahi kubaki bila timu yake, kila Jumamosi yenye mechi nyumbani ni mafanikio. Mchezo hauna namba ya kuandika mafanikio ya aina hiyo.

Hadhira isiyoitika

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba fanani hatambi peke yake. Hadhira huitikia, huuliza, huimba kiitikio, na wakati mwingine humsahihisha. Mashabiki wa klabu ndogo ni hadhira ya namna hiyo hasa: wanakata tiketi getini, wanapaka rangi ukuta, wanapiga kura kuhusu klabu yao.

Football Manager unawageuza kuwa kipimo. Tangu toleo la 2023 mashabiki wamegawanywa katika makundi, kuanzia wale wakereketwa hadi wale wanaokuja timu ikishinda tu, na imani yao kwako huonyeshwa kama daraja la mtihani. Wanaridhika au hawaridhiki. Hawatendi. Katika misimu yangu yote hakuna shabiki aliyenijia na wazo, mchango au ugomvi ambao ungebadilisha mwelekeo wa klabu. Matajiri wanaotaka kuinunua klabu, hao mchezo unawajua vizuri. Huwapa majina na barua. Kwa maneno mengine, mhusika mkuu wa daraja la chini amefanywa kuwa mandhari.

Pingamizi

Mtu anaweza kusema: wewe meneja una uhuru, hakuna anayekulazimisha kupanda. Nilijaribu. Nilianza upya na Darlington ile ile, nikakusudia kubaki katikati ya jedwali na kuifanya klabu iwe na amani. Bodi haikunifukuza, maana matarajio yake yalikuwa ya kawaida. Lakini matini ilikauka. Kufikia msimu wa tatu barua zilikuwa zile zile, maswali ya waandishi yale yale. Mchezo unamruhusu meneja kukaa; haumpi cha kusoma akikaa. Masimulizi yote yamewekwa ngazini.

Mwingine atasema kwamba ninadai mengi kutoka kwa burudani. Jibu langu ni kwamba mchezo huu wenyewe unajivunia kufanana na ukweli, na watu wa mpira wameuamini: mwaka 2008 Everton ilikubaliana na watengenezaji kutumia hifadhidata yao kusaidia kutafuta wachezaji. Kazi inayodai uhalisia lazima ipimwe kwa uhalisia, kama tunavyofanya kwa riwaya.

Hitimisho

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda? Fungua mchezo huu jinsi ulivyouzwa, utakuta ligi moja tu ya Afrika unayoweza kuichezea, ya Afrika Kusini. Lugha yetu haimo katika orodha ya lugha zake. Tunaingia humo kama wageni, na tunajifunza humo namna ya kuutazama udogo. Kisha tunatoka nje. Kutoka chuoni hadi Wankulukuku, uwanja wa Express, si safari ndefu, lakini wenzetu wengi wenye jezi za Arsenal hawajawahi kukanyaga huko. Ukiwauliza, wanakwambia pale hakuna mpira, kuna vijana wanaosubiri kwenda kwingine.

Swali la namna hiyo hiyo huulizwa kuhusu somo letu: Kiswahili kitakupeleka wapi? Nimeulizwa na ndugu, na majirani, hata na wanafunzi wa idara nyingine. Ni swali la ngazi. Halimuulizi mtu anafanya nini na lugha mahali alipo: anamtafsiria nani hospitalini, anamfundisha nani, anaandika nini. Football Manager ni mchezo mzuri, na ninaendelea kuucheza, kwa miiko. Kwa walimu wetu ninapendekeza michezo ya aina hii ipewe nafasi katika kozi za uhakiki, ili wanafunzi wazoee kuuliza kanuni zake zimemlipa nani, na zimemwacha nani akiwa na jina la kijivu.