Kuisifu Kazi ya Vitofali kwa Haki

"Nzuri sana" ni sifa isiyomfaa fundi. Mtu aliyekaa jioni nyingi akipanga vitofali vya Lego kutoka kichwani mwake, bila kijitabu cha maelekezo, akiambiwa "nzuri sana" na watu kumi anabaki pale pale alipokuwa. Hajui amepatia wapi. Lakini akiambiwa, "Hapo kwenye ukingo wa paa, ulivyovigeuza vibamba vikakaa kiubavu, pamekaa sawasawa," anaondoka na furaha, na pia anaondoka na kitu cha kushika kazi ijayo. Kumtia moyo mtu katika ufundi huu kunaanzia kwenye macho. Anayeona vizuri hahangaiki kutafuta maneno matamu.

Nazungumzia kazi za kubuni, si zile seti zinazojengwa kwa kufuata ukurasa baada ya ukurasa. Kampuni ya Lego ilianzia Billund, Denmark, mwaka 1932, kwa mkono wa seremala Ole Kirk Kristiansen. Kitofali tunachokijua leo, chenye nundu juu na mirija ndani, kiliombewa hataza Januari 28, 1958, na kitofali cha mwaka ule bado kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi. Mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, alihesabu kwa kompyuta njia za kuunganisha vitofali 6 tu vya nundu nane, vyote vya rangi moja. Akapata 915,103,765. Ndiyo maana naona kila kazi iliyosimama mezani ni rundo la maamuzi, na kazi ya mtazamaji ni kuyaona maamuzi hayo kabla hajafungua mdomo.

Anza kwa mbali. Rudi nyuma hatua tatu, punguza macho kidogo, uangalie umbo peke yake. Lori linajulikana kuwa lori kabla hujaona taa zake? Joka lina uzito mabegani, au limekuwa mstari mrefu wenye kichwa? Umbo likikaa, mengi yanasameheka. Likipotea, hata mapambo elfu hayaliokoi, na mjenzi mara nyingi ameshalihisi hilo ila hajui limeingilia wapi.

Kipimo kinataka haki zaidi. Yule mwanasesere mdogo wa Lego, ambaye umbo lake la sasa lilianza mwaka 1978, ana urefu wa sentimita 4 hivi lakini ni mnene kuliko binadamu yeyote. Ukimjengea gari linalomtosha kwa upana, urefu wake utagombana. Ukilipatia urefu, hatakaa vizuri kwenye kiti. Kila mjenzi anachagua wapi pa kudanganya kidogo. Usimlaumu kwa kuchagua tofauti na wewe. Angalia kama ameshika uamuzi wake mpaka mwisho: mlango, dirisha, ngazi na taa ya barabarani vyote viwe vya ulimwengu mmoja.

Kuhusu rangi, nina neno moja tu, nalo ni la kijivu. Mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake, kikawa na ubuluu kidogo, na kahawia nayo ikabadilishwa. Ukiona ukuta wa ngome wenye vijivu viwili, usikimbilie kusema rangi hazioani. Huenda mjenzi amechanganya makusudi ili jiwe lionekane limepigwa na mvua ya miaka. Huenda pia nusu ya vitofali alirithi kwa mjomba. Muulize. Jibu lolote atakalotoa litakufungulia mlango wa kusema jambo la maana.

Sasa sogea karibu, na hapa usiwe na haraka. Chukua mnara wa taa wa pwani, mweupe wenye mikanda myekundu. Mnara ni mviringo, tena unapungua kadiri unavyopanda. Kitofali ni cha pembe nne. Hapo ndipo mjenzi anapopimwa. Yuko anayetumia vipande vya duara vilivyotoka kiwandani hivyo hivyo. Si kosa, ila mnara wake utapanda wima bila kupungua, na uzuri wake utautafuta kwenye chumba cha taa kule juu. Yuko anayejenga pande nane kwa bawaba, kila upande ukiinama kidogo kuelekea ndani. Huyo mtazame kwenye viungo: pitisha jicho pembeni mwanga ukiwa nyuma ya mnara, uone kama mwanya ni mmoja kutoka chini hadi juu au unapanuka njiani. Ukiwa sawa, hesabu zake zimekubali, na kazi hiyo ya kujaribu na kubomoa haionekani kwa mtu asiyejua. Mwambie umeiona. Na yuko wa tatu, anayepunguza mnara nusu nundu kwa nusu nundu, kwa kutumia kibamba chenye nundu moja katikati panapotarajiwa mbili. Mstari wake una vidaraja vidogo, na swali la kumuuliza ni kama vidaraja hivyo amevipanga viangukie kwenye mpaka wa mkanda mwekundu, mahali ambapo jicho haliviulizi. Minara mitatu, sifa tatu tofauti. Ukiwapa wote watatu sifa moja, hujamsifu hata mmoja.

Hesabu yenyewe inafaa uijue. Nundu hadi nundu ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na kibamba ni theluthi yake, milimita 3.2. Vibamba 5 vikipandana vinafika milimita 16, sawasawa na upana wa nundu mbili. Huo ndio ufunguo wa kugeuza ujenzi ubavu: ukuta ukiulaza, ukakaa katikati ya vitofali vilivyosimama bila ufa wala kusukuma, mjua hesabu amepita hapo. Kuna kitofali kidogo chenye nundu ubavuni, wajenzi hukiita kwa jina la taa ya gari, kinachofanya kazi hii kimyakimya ndani ya kuta ambazo hutakaa uzione. Kwa hiyo mwombe mjenzi akueleze ndani kuna nini. Wengi wana picha walizopiga kabla ya kufunika, na hakuna anayewauliza.

Kipande kilichohamishwa kazi nacho kinastahili jicho. Seti ya mti wa bonsai iliyotolewa mwaka 2021 ilitumia vyura wa rangi ya waridi kuwa maua ya mcheri, na hicho kwangu ndicho kipimo: uone ua kwanza, chura umgundue baadaye. Ukiona chura kwanza, kipande bado hakijageuka. Sema hivyo hivyo, kwa upole, kwa maana pengine kinachotakiwa ni kumgeuza tu ili miguu ielekee ndani.

Uimara ni jambo ambalo watazamaji hulisahau. Usiguse bila ruhusa. Mwombe mwenyewe aiinue kazi yake. Namna anavyoishika, kwa mkono mmoja au miwili, chini au pembeni, itakwambia mengi. Wabunifu wa kampuni hawaruhusiwi kuweka kwenye seti muungano unaokipinda kipande au kukibana kwa nguvu. Mjenzi wa nyumbani hana sheria hiyo, na baadhi ya mbinu tamu kuliko zote zinatoka huko. Ila plastiki iliyopindwa miezi mingi hupasuka, na vipande vya kahawia na vya wekundu uliokoza vya miaka fulani vinajulikana kwa kuvunjika upesi. Hilo ni onyo la kirafiki, si kosa la kumhesabia. Na kazi iliyobuniwa kwenye kompyuta ihukumiwe ikijulikana kuwa huko hakuna kitu kinachoanguka. Isifu kwa wazo lake, kisha uulize itasimamaje.

Ukishayaona haya, kusema ni kwepesi. Taja kitu kimoja kwa jina na mahali pake. Uliza swali moja la kweli. Ukiwa na ushauri, toa mmoja, tena uwe ule anaoweza kuufanya kwa vitofali alivyonavyo. Yule mjenzi wa tatu wa mnara, kwa mfano, mwambie: "Kaka, hongera. Ule mkanda wa pili umeficha daraja kabisa, sikuliona mpaka nilipoinama. Chumba cha taa ulitaka kiwe kipana hivyo? Nauliza kwa sababu ukikipunguza nundu moja kila upande, nadhani mnara utaonekana mrefu zaidi." Maneno hayo hayana hata tone la kubembeleza, na hakuna mjenzi atakayeyasikia akavunjika moyo.

Suala la vitofali alivyonavyo nalichukulia kwa uzito. Lego ni ghali, na kwetu Afrika Mashariki boksi moja kubwa linaweza kuwa zawadi pekee ya mtoto kwa miaka. Kumwambia mtu aongeze vigae laini mia mbili vya kijani iliyokoza ni kumwambia aache. Aliyejenga basi lenye ubavu mmoja wa buluu na mwingine wa njano kwa kuwa buluu iliisha, kisha akaupanga ule mpaka wa rangi uangukie kwenye mlango, amefanya uamuzi wa kifundi ambao mwenye makabati yaliyojaa hajawahi kulazimika kuufanya. Usimhurumie; msifu kwa mpaka ule.

Mtoto usimuulize "Hiki ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba hakijaeleweka. Sema, "Mwanangu, nionyeshe kinavyofanya kazi," naye atakueleza mlango unavyofunguka na nani anaishi ndani, na humo utapata cha kumsifia bila kubahatisha. Na usinyooshe mkono kumrekebishia. Kipande ukikiweka wewe, kazi imekwisha kuwa ya watu wawili.

Mjenzi mzoefu ni kinyume chake. Amesifiwa vya kutosha, na anachokosa ni mtu wa kumwonyesha ufa. Ukimficha ufa aliouona mwenyewe, atajua hukutazama, na sifa zako nyingine zote zitashuka thamani. Mtajie ufa, umtajie na ulichokipenda, kwa sauti ile ile.

Siku nyingine utasimama mbele ya kazi usione pa kuanzia. Umbo halijakaa, rangi zimetawanyika, na mwenyewe anakutazama usoni. Usitunge sifa. Muulize ni sehemu gani iliyomchukua muda mrefu kuliko zote, kisha inama hapo alipokuonyesha, uitazame taratibu mpaka uelewe alichokuwa anapambana nacho. Mazungumzo yenu yaanzie hapo.