Theratope Ilikosea Kwenye Usajili

Theratope, chanjo ya saratani, haikuangushwa na sukari iliyojengewa juu yake. Iliangushwa na masharti ya kusajili wagonjwa. Wanawake 1,028 wenye saratani ya matiti iliyosambaa waligawanywa kwa kura, hawa wakachanjwa sukari ya sialili-Tn iliyounganishwa na protini ya kubebea iitwayo KLH, wale KLH tupu. Ugawaji ulikuwa safi na kingamwili zilipanda. Lakini hakuna mgonjwa aliyetakiwa kwanza kupimwa kama uvimbe wake una hiyo sialili-Tn. Kosa ni hilo, na halina utetezi. Sialili-Tn ni sukari moja ya GalNAc juu ya serini au threonini ya protini, iliyozibwa na asidi ya siali kabla mnyororo haujarefuka, na katika saratani ya matiti hupatikana kwa takriban robo hadi theluthi ya wagonjwa. Basi wengi walifundishwa kinga ya kuwinda kitu ambacho seli zao za saratani hazikuwa nacho, na kama wapo walionufaika, nafuu yao ilimezwa na hesabu ya jumla. Majibu ya 2003 yalikuwa yameshaandikwa tangu mlangoni: ugonjwa ulisonga mbele baada ya miezi 3.4 dhidi ya 3.0, nusu ya waliochanjwa waliishi zaidi ya miezi 23.1, dhidi ya 22.3 kwa wenzao.

Wapo watakaosema kipimo hakikuwepo. Kilikuwepo: kingamwili B72.3, inayoitambua sialili-Tn kwenye tishu, ilijulikana tangu 1981. Wengine watasema sukari hizi hubadilika kadiri uvimbe unavyokua. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima zaidi, si ya kuacha kupima. Nimelisema hili mara nyingi na sichoki: sukari za seli hazinakiliwi moja kwa moja kutoka kwenye jeni kama protini, hutegemea vimeng'enya vilivyopo. Ndiyo maana mtu mwenye kundi la damu la Lewis hasi, asiye na kimeng'enya husika, hatoi alama ya saratani CA19-9 hata akiwa na saratani ya kongosho. Anayelijua hilo hathubutu kudhani.

Wakubwa hawakudhani. Georg Springer, aliyeandika juu ya sukari za T na Tn katika Science mwaka 1984, aliziangalia kwenye tishu zenyewe. Dennis Slamon alipojaribu trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti inayolenga protini ya HER2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, waliosajiliwa ni wenye HER2 nyingi tu. Bila kichujio hicho, dawa ile ingeweza kuzikwa kama Theratope. Atakayeirudia sialili-Tn aanze na tishu ya mgonjwa, na asiye nayo asichomwe sindano.