Kumpiga mamoti kwa mita 300: hesabu kwanza, bunduki baadaye

Mkulima wa soya wa Pennsylvania au Ohio, huko Marekani, ana adui asiyemzidi paka kwa ukubwa. Ni mamoti wa mashambani, mnyama wa jamii ya kindi mwenye uzito wa kilo mbili hadi sita, umbo lake kama pimbi aliyenenepa. Hula soya ikiwa bado changa, hula lusini, maharage na kabichi, na akishashiba huchimba. Mashimo ndiyo yanayowaudhi zaidi wenye mashamba. Mdomo wa shimo hufichwa na majani mpaka gurudumu la trekta litumbukie, na shimo likichimbwa chini ya ghala hulegeza msingi. Majira ya baridi yote mnyama huyu hulala usingizi mzito ardhini, kwa hiyo vita naye hupiganwa majira ya joto, hasa majani ya mifugo yanapokwisha kukatwa na shamba kubaki wazi. (Katika Pennsylvania hiyohiyo, kila tarehe 2 Februari, watu humiminika katika mji wa Punxsutawney kumwona mamoti mmoja anayedaiwa kutabiri hali ya hewa. Huyo hapigwi risasi.)

Kumnyatia ni kazi ngumu. Husimama kwa miguu ya nyuma mdomoni mwa shimo, huangaza macho huku na huko, akimwona mtu hupiga mluzi na kuzama. Ndiyo maana wawindaji wa huko walizoea kumpiga wakiwa mbali: mita 150, 200, wengine 300. Na hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa kuwa sehemu ya mwili wake ambayo risasi ikiingia anakufa papo hapo haizidi duara la sentimita 10 hivi. Risasi inayokosa mwili mzima haina neno. Inayopita pembeni mwa duara humjeruhi, naye huingia shimoni kufa taratibu mahali ambapo hakuna mtu atakayemfikia.

Viwanda vya silaha vililitatua tatizo hili kwa njia moja: mwendo. Risasi ya .22 Hornet ilitoka mwaka 1930. Mwaka 1935 Winchester wakaleta .220 Swift, iliyorusha kichwa cha gramu 3.1 kwa mwendo wa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Mwaka 1950 Remington wakatoa .222, iliyosifika kwa kulenga sawasawa, na mwaka 1965 wakaiingiza sokoni .22-250, ambayo mafundi binafsi walikuwa wameitengeneza kwa miaka mingi kwa kubana shingo ya ganda la .250 Savage. Wazo lilikuwa jepesi kulielewa: risasi ikienda kasi, haipati muda wa kuanguka, na mpigaji hana haja ya kukisia umbali.

Wazo hilo ni kweli nusu. Tuchukue .223 Remington, risasi ya kawaida kabisa siku hizi, yenye kichwa cha gramu 3.6 kinachotoka mtutuni kwa karibu mita 980 kwa sekunde. Ukiisahihisha bunduki ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 300 risasi itakuwa imeshuka sentimita 20 hivi. Lakini kushuka huku hakuna fumbo. Mvutano wa dunia ni uleule leo na kesho, na kifaa cha leza cha kupimia umbali kikishakupa mita, unazungusha kitufe cha darubini au unalenga juu kidogo, basi. Anayekosa kwa sababu ya kushuka kwa risasi siku hizi amekosa kwa uvivu.

Upepo ni habari nyingine. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo mfululizo, huisogeza risasi hiyo sentimita 3 hivi kwa mita 100, sentimita 14 kwa mita 200, na zaidi ya sentimita 30 kwa mita 300. Umbali umeongezeka mara tatu, msogeo umeongezeka mara kumi. Tukiugawanya msogeo huo kwa kila kilomita moja ya upepo, tunapata kiasi cha makosa kinachosameheka. Duara letu lina sentimita 5 kila upande wa kitovu. Kwa mita 200, ukikosea upepo kwa kilomita 5 kwa saa, risasi bado iko ndani. Kwa mita 300, kosa la kilomita 3 tu limekutoa nje, hata kama bunduki na mikono yako havina dosari yoyote.

Lakini dosari zipo. Bunduki nzuri ya dukani, risasi zake zikichaguliwa vizuri, hutawanya kwa kiasi cha dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ambayo kwa mita 100 ni sentimita 2.9. Kwa mita 300 mtawanyiko huo ni karibu sentimita 9. Duara ni la 10. Bunduki peke yake imekula karibu nafasi yote kabla mpigaji hajapumua wala jani halijatikisika. Hesabu hii haitajwi sana kwenye matangazo ya darubini.

Mtu aliyejisumbua kuliko wote kutenganisha makosa ya bunduki na makosa ya binadamu alikuwa daktari wa Massachusetts, Franklin W. Mann. Alijenga nguzo nzito ya zege, akafunga mtutu juu yake, akamwondoa binadamu katika hesabu, kisha akapiga na kupima kwa miaka mingi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1909. Wanaofanya mazoezi mezani leo, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma, wanarithi njia ya Mann bila kujali swali lake. Yeye alikuwa akiipima bunduki. Wao wanaipima bunduki na kudhani wamejipima wenyewe.

Meza ina kazi mbili tu: kuisahihisha bunduki na kuchagua risasi inayopatana nayo. Hata hapo watu hujidanganya kwa kupiga risasi tatu, zikikaa pamoja wakafurahi na kuondoka. Risasi tatu husema kidogo mno. Piga kumi kwenye karatasi ileile na uone kundi linavyopanuka. Upana wa kundi hilo ndio uwezo halisi wa bunduki yako, na kitovu chake ndicho cha kusahihishia darubini. Baada ya hapo meza haina la kufundisha.

Shambani hakuna meza. Kuna tuta, ukingo wa ukuta wa mawe, mlango wa ua, mara nyingi kuna ardhi tupu. Mkao bora ni kulala kifudifudi, bunduki ikiegemea miguu yake miwili au begi, na mfuko mdogo wa mchanga chini ya kitako, mkono wa kushoto ukiufinya ili kupandisha au kushusha mtutu. Majani yakiwa marefu unalazimika kukaa na kutumia vijiti vilivyofungwa pamoja, na mtawanyiko huweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Mazoezi yenye maana ni yale yanayofanyika katika mikao hiyo, tena kwa kuanza umesimama na kuingia kwenye mkao upya kila risasi. Kulala mara moja na kupiga ishirini bila kuinuka ni kurudi mezani kwa jina jingine.

Kuna jaribio moja ambalo ningemlazimisha kila mwanafunzi alifanye. Lala, lenga shabaha, fumba macho, vuta na kutoa pumzi mara mbili tatu, fumbua. Msalaba wa darubini ukiwa umehama, basi ulikuwa ukiusukuma mahali pake kwa misuli, na misuli huchoka. Usiusukume tena; sogeza nyonga au viwiko mpaka mwili wenyewe ukiwa umelegea uelekee shabaha. Halafu risasi itoke katika kituo cha pumzi, mtu akishatoa hewa na kabla hajavuta nyingine. Kituo hicho ni cha sekunde chache. Anayekirefusha ili alenge vizuri zaidi huanza kuona ukungu, na hapo ni heri avute pumzi aanze upya. Baada ya mlio, shavu libaki kwenye kitako, kidole kibaki nyuma. Anayeinua kichwa kuangalia alichopata huanza kukiinua kabla risasi haijatoka.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji risasi hata moja. Kufyatua bunduki tupu, baada ya kukagua chemba kwa macho na kwa kidole na risasi zote kuwekwa chumba kingine, ndiyo shule ya bei nafuu kuliko zote: bila mlio wala teke la bunduki, unauona msalaba ukirukia upande fulani kidole kinapobana, na unajua kosa liko wapi. Bunduki nyingi za kisasa haziumizwi na zoezi hilo. Tahadhari ni kwa zile ndogo za .22 zinazogongwa ukingoni mwa ganda, ambapo pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Hizo ziwekewe ganda la bandia.

Bunduki hiyohiyo ndogo ya .22 ndiyo mwalimu bora wa upepo. Watu huidharau kwa sababu inapeleka risasi kwa mita 330 tu kwa sekunde, ambazo ni theluthi ya mwendo wa .223. Lakini ukiisahihisha kwa mita 50 kisha ukapiga mita 100, risasi itashuka sentimita 20 hivi na upepo wa kilomita 16 utaisogeza kama sentimita 10. Yaani matatizo ya masafa marefu yamekusanywa ndani ya mita 100, kwa risasi za bei rahisi. Tena kuna somo la ajabu ndani yake: risasi za .22 zinazouzwa kwa sifa ya kasi kubwa husogezwa na upepo kuliko zile za polepole. Isidore Didion, Mfaransa wa karne ya 19, alikwisha kueleza sababu. Msogeo hautegemei muda wote risasi inaokaa hewani. Unategemea muda inaoupoteza kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Risasi inayotoka ikiwa imeuzidi kidogo mwendo wa sauti hupambana na ukinzani mkali kuliko ile inayotoka chini yake, hivyo hupoteza zaidi.

Kuusoma upepo wenyewe ni jambo la macho. Unaovuma kutoka pembe ya digrii 45 una nguvu ya asilimia 70 hivi ya ule wa ubavuni. Wa digrii 30 una nusu. Ulio karibu na mpigaji una uzito kuliko ulio karibu na mnyama, kwa kuwa risasi iliyopotoshwa mapema huendelea kupotoka safari nzima. Siku ya jua, mazigazi yanayoonekana katika darubini yakilala kushoto au kulia yanaonyesha upepo unakokwenda. Yakichemka wima, ama hakuna upepo au unakuja moja kwa moja, na pengine unakaribia kugeuka. Zoezi lake ni kukisia mwendo wa upepo kwa sauti, kisha kuutazama kwenye kipimo cha mkononi, kila siku, hata pasipo bunduki.

Magharibi zaidi, katika nyanda za South Dakota na Wyoming, wako wanaowapiga mbwa wa nyika, ambao pia ni wa jamii ya kindi, na ni wadogo kuliko mamoti. Huko mtu hupiga mamia ya risasi kwa siku, mwenzake akimsomea vumbi: kulia kidogo, juu kidogo. Kwa jinsi hiyo mita 400 huonekana rahisi, na ndiyo inayozalisha majigambo mengi. Mimi siihesabu kuwa ustadi. Risasi ya nne inayopata baada ya tatu kuelekeza njia haisemi lolote kuhusu ya kwanza, na kwa mamoti ipo ya kwanza tu. Zaidi ya hayo, mbwa wa nyika ndiye chakula kikuu cha ferreti wa miguu myeusi, aliyedhaniwa ametoweka kabisa mpaka alipoonekana tena Meeteetse, Wyoming, mwaka 1981.

Kwa hiyo zoezi la mwisho ni la risasi moja, mtutu ukiwa baridi, mwanzo wa siku, kwa umbali ambao hukuupanga. Karatasi yenye duara la sentimita 10. Piga, andika daftarini umbali, upepo uliokisia, mahali ulipodhani risasi imekwenda kabla ya kutazama, na mahali ilipokwenda. Halafu funga bunduki mpaka siku nyingine. Daftari likijaa kidogo, lina ukweli ambao hakuna kundi la mezani litakalokupa.

Yapo mawili yasiyo ya ulengaji. Mamoti aliyesimama juu ya tuta, mbingu tupu nyuma yake, hapigwi: hata risasi ndogo ya .22 huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na kwa kuwa huenda polepole bila kuvunjika, hudunda vibaya. Na risasi nyepesi za madini ya risasi husambaratika ndani ya mzoga, vipande vikaliwa na tai. California ilikamilisha katazo lake la risasi hizo kwa uwindaji tarehe 1 Julai 2019. Za shaba tupu ni ndefu zaidi kwa uzito uleule, hivyo baadhi ya mitutu haizizungushi vya kutosha. Anayebadili aanze tena kwa risasi kumi mezani.

Asiyeweza kutia risasi ya kwanza ndani ya duara hilo mara tisa katika kumi, akiwa amelala shambani, basi umbali huo bado si wake. Kwa bunduki ya kawaida na mpigaji mwenye bidii, hesabu zilizotangulia zinaishia karibu na mita 200. Zilizobaki mia moja azitembee.