Mkono wa Mchunaji

Ndege wa makumbusho hawekwi juu ya kijiti katanua mabawa, kama wale wa kupamba sebule. Hulazwa chali kwenye droo, miguu imefungwa pamoja, pamba ikichungulia machoni, na mguuni inaning'inia lebo: mahali, tarehe, aliyemkusanya. Wengi wetu tungesoma lebo tukaridhika. Fundi huisoma ngozi.

Kila mchunaji ana mkono wake. Mmoja hupasua tumboni, mwingine ubavuni chini ya bawa. Yupo anayekwangua mafuta yote mpaka ngozi inabaki nyepesi, yupo anayeacha kidogo kwenye kiungo cha bawa kwa kuwa jua linakuchwa na ndege wengine wanaanza kunuka. Pamba imekazwa vipi, uzi umepita wapi, fundo limekaa upande gani: hayo mchunaji hafikirii kuyaficha, maana hata yeye hayaoni.

Ndiyo yaliyomuumbua Kanali Richard Meinertzhagen. Sisi wa huku Afrika Mashariki tunamjua kwa damu: mwaka 1905 alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Kwao Uingereza alitukuzwa kwa ndege. Mwaka 1954 makumbusho ya huko yakapokea mkusanyo wake, ndege wapatao 20,000. Mwaka 1993 mtaalamu wa ndege Alan Knox akaandika kwamba baadhi yao waliibwa humo humo makumbusho, wakabandikwa lebo mpya.

Kisha mtaalamu mwingine, Pamela Rasmussen, akamgeukia bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye lebo ya Kanali ilidai alipatikana Gujarat mwaka 1914. Eksirei ikaonyesha ngozi iliyofumuliwa na kujazwa upya, na chini ya kazi ya mwizi ikabaki kazi ya James Davidson, aliyekusanya bundi hao miaka ya 1880. Rasmussen akaitupilia mbali lebo, akafuata sehemu zilizotajwa na wakusanyaji waaminifu. Novemba 1997, huko Maharashtra, yeye na wenzake wakamwona bundi huyo akiwa hai, baada ya miaka 113 bila habari yake ya kuaminika.

Leo lebo zinanakiliwa kwenye kompyuta kwa maelfu, na uongo ukishaingia humo unasafiri dunia nzima bila ngozi yake. Nani atafungua droo?

Nawawaza pia vijana wa kwetu waliochuna ndege kambini, usiku, kwa taa ya chemli, wakalipwa posho, kisha jina la bwana likaandikwa kwenye lebo. Mikono yao imo bado kwenye droo za Ulaya, na mishono yao imeshika. Davidson alitambulika kwa kuwa walikuwapo ndege wengine wenye jina lake wa kulinganisha nao. Wengi wa hawa wetu hawana hata ndege mmoja.