Hongera kwa wang'oa visiki wa Choma

Ukitaka kujua thamani ya mng'oa visiki hapa Choma, wilayani Igunga, muulize mkulima aliyevunja plau ya ng'ombe kwenye kisiki kilichofichwa na nyasi.

Ninachowavulia kofia mafundi hawa ni namna wanavyopanga bei. Fundi hatajii bei barabarani. Kwanza anazunguka shamba, anafukua kidogo kwa sururu aone mizizi imeshika wapi. Anauliza mti ulikatwa lini: kisiki kilicholiwa na mchwa hung'oka kwa mtaimbo, kibichi kinaweza kula kutwa nzima ya shoka. Anatazama udongo pia. Wa mbuga ukikauka ni mgumu kama jiwe. Mvua za kwanza zikiulainisha, bei hushuka. Visiki vichache huhesabiwa kimoja kimoja, shamba zima mnapatana kwa ekari. Mwisho anauliza kuni atachukua nani. Ukimwachia, anapunguza.

Mkoa wa Tabora unaijua hasara ya kukisia. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo, mkoani kwetu, na Nachingwea. Kongwa mizizi ilivunja mitambo, makadirio yakapinduka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Fundi wetu hupima kabla ya kutamka. Basi tusimlalie. Tukishapatana, tumlipe kamili na kwa wakati, kwani jasho lake ndilo linalofungua shamba. Hongereni sana, mafundi!